Programu ya Heshima katika Chuo Kikuu cha Kikristo: Barua ya Wazi kwa Seneti

Kwa: Makamu Wakuu wa Vyuo na wajumbe wa seneti, vyuo vikuu vya Kikristo vya Tanzania, Kenya na Uganda

Yah: Semina za heshima kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza

Programu ya heshima ni mpango wa masomo ndani ya chuo kikuu unaowachukua wanafunzi wachache wa shahada ya kwanza kutoka fani mbalimbali, ukawasomesha pamoja katika vikundi vidogo, ukawapa vitabu vigumu kuliko vya darasa la kawaida, na mwisho ukawadai kazi ya maandishi waliyoifanya wenyewe. Mwanafunzi haachi fani yake. Anayesomea uuguzi huendelea na uuguzi, wa uhasibu na uhasibu. Kinachobadilika ni kozi za pamoja, ambazo kwake huwa semina badala ya mihadhara ya ukumbini. Mpango huu si shahada ya heshima, ile anayotunukiwa kiongozi au mfadhili siku ya mahafali. Wala si daraja la kwanza la ufaulu, ambalo nchini Tanzania huanzia wastani wa 4.4 kati ya 5. Daraja hueleza matokeo ya mitihani iliyokwisha kufanyika, na programu ya heshima hupanga namna ya kusoma. Ni jambo linalostahili kufika kwenye ajenda ya seneti, kwa masharti, na masharti hayo ndiyo sehemu kubwa ya barua hii.

Asili yake ni Uingereza. Mwanzoni mwa karne ya 19 chuo kikuu cha Oxford kilitenganisha mtihani wa kawaida wa shahada na mtihani mgumu zaidi kwa waliotaka madaraja ya heshima. Baadaye ikawa kawaida wanaojiandaa kwa mtihani huo kufundishwa mmoja mmoja au wawili wawili, wakimsomea mwalimu insha kila wiki na kuulizwa maswali papo hapo. Frank Aydelotte, Mmarekani aliyesoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, alikuwa rais wa Swarthmore College, Pennsylvania, kuanzia 1921, na mwaka 1922 akaanzisha huko utaratibu wa namna hiyo. Lalamiko lake lilikuwa kwamba vyuo vya Marekani viliwatembeza wanafunzi wote kwa hatua moja kama gwaride, aliye tayari kwenda mbali akisubiri, aliyechoka akiburutwa. Wanafunzi wake wa miaka miwili ya mwisho walioingia kwenye mpango waliachana na mitihani ya kila kozi, wakakaa katika semina ndogo, na mwishoni wakatahiniwa kwa maandishi na kwa mdomo na walimu wa vyuo vingine.

Utaratibu huo wa mtahini wa nje una siri kubwa kuliko inavyoonekana. Mwalimu anayefundisha akiwa pia ndiye anayetoa alama, mwanafunzi hujifunza kumsoma mwalimu: anapenda nini, anarudia swali gani kila mwaka, madesa yake yanapatikana kwa nani. Alama zikitolewa na mtu wa mbali, mwalimu na mwanafunzi huwa upande mmoja wa meza, wote wawili wakijiandaa kuulizwa na mgeni. Swarthmore, iliyoanzishwa mwaka 1864 na Wakweka, yaani Marafiki ambao watu wa Kaimosi na Kenya ya magharibi wanawajua vizuri, imeendelea na watahini hao hadi leo. Afrika Mashariki nayo haina ugeni na jambo hili. Makerere ilipokuwa ikiandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London, mitihani yake ilipita mikononi mwa walimu wa nje, na vyuo vingi vya kanda hii bado vina watahini wa nje kwenye kanuni zao, ingawa mara nyingi kazi yao imebaki kupitia marundo ya karatasi kwa siku mbili na kutia saini.

Mkondo wa pili ulianzia New York, ambako John Erskine wa Chuo Kikuu cha Columbia alianzisha mwaka 1920 kozi ya kusoma vitabu vikuu vya kale, kitabu kimoja kwa wiki, kwa mazungumzo. Mikondo hii miwili, wa semina na wa vitabu, ndiyo iliyochanganyika katika programu nyingi zilizofuata. Umoja wa Kisovieti uliporusha Sputnik mwaka 1957, vyuo vya Marekani vilikimbilia mipango ya wanafunzi wenye vipaji kwa hofu ya nchi kuachwa nyuma, na mwaka 1966 likaundwa baraza la kitaifa la kuiunganisha. Wingi huo ulikuja na hasara. Vyuo vingine vilichukua jina na kuiacha kazi: bweni zuri, nafasi ya kwanza kujisajili kwenye kozi, nishani shingoni siku ya mahafali, na darasani mambo yale yale. Seneti yoyote inayofikiria mpango huu iufahamu ugonjwa huo mapema, kwa sababu vitu hivyo ni rahisi kuanzisha kuliko semina.

Kati ya vyuo vya Kikristo vya Marekani, Baylor cha Wabaptisti, huko Waco, Texas, kilianza programu yake mwaka 1959, na mwaka 2002 kikaziweka programu nne za aina hii chini ya kitengo kimoja. Valparaiso cha Walutheri, jimbo la Indiana, kilianzisha Christ College mwaka 1967, mwishoni mwa uongozi mrefu wa O. P. Kretzmann. Eastern University ya Pennsylvania ilifuata mwaka 1999. Kwa upande mmoja vyuo hivi vilitaka kuwapata vijana wa makanisa yao waliokuwa wakikimbilia vyuo vyenye majina makubwa, na hilo halina aibu. Jambo la pili ni zito zaidi. Chuo cha Kikristo huahidi kwamba imani na akili vinaweza kukaa nyumba moja, lakini ratiba yake ya kawaida huvipa vyumba tofauti: ibada saa nne, takwimu saa tano, na hakuna saa ambayo kimoja kinamwuliza mwenzake swali. Semina ya heshima ilikuwa njia ya kuitafuta saa hiyo.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Biola, La Mirada, California, kwa sababu mwanzo wake unafanana na wa vyuo vingi vya huku. Ilianza mwaka 1908 ikiwa taasisi ya kufundisha Biblia mjini Los Angeles, kwa ajili ya kuandaa wainjilisti na walimu wa shule za Jumapili, ikakua polepole hadi kuwa chuo kikuu. Mwaka 1996 John Mark Reynolds alianzisha hapo programu iliyopewa jina la R. A. Torrey, mkuu wa masomo wa taasisi hiyo kuanzia 1912 hadi 1924, mhubiri ambaye pia alikuwa amesoma Yale na kuendelea Ujerumani. Wanafunzi wake hutoka fani yoyote. Kozi nyingi za pamoja wanazisoma kupitia vitabu vyenyewe, kuanzia Homer na Plato hadi Augustino, Dante na waandishi wa karne za karibuni, na Biblia husomwa pamoja navyo kwa uangalifu ule ule. Kipindi kimoja ni cha muda wa saa tatu. Mwalimu hafundishi kwa kuhutubia, bali hufungua kwa swali moja na kuwaacha wanafunzi walijibu kwa kuelekeza kidole kwenye ukurasa. Mwisho wa muhula kila mmoja huketi mbele ya walimu na kuulizwa kwa mdomo kuhusu alichosoma, bila karatasi ya kujifichia.

Saa tatu juu ya swali moja zinaweza kuonekana anasa kwa mhadhiri wa Mwanza au Nairobi mwenye wanafunzi mia kadhaa katika kozi moja ya stadi za mawasiliano, kipaza sauti kinachokatika, na mitihani ya kusahihisha inayojaza buti la gari. Lakini inafaa kuangalia kinachotokea humo kabla ya kukiita anasa. Chukua vitabu vitatu vinavyohusu kesi: Utetezi wa Sokrate ulioandikwa na Plato, Kusadikika ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1951, na sura ya 27 ya Injili ya Mathayo. Katika Kusadikika, Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Anapewa siku sita za kujitetea, na badala ya kujisemea mwenyewe anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali kwa faida ya Kusadikika, wakarudi na mambo mema, wakatupwa gerezani. Mwisho Karama anaachiwa, na wajumbe wanafunguliwa. Sokrate naye anajitetea mbele ya Waathene, anahukumiwa, na baadaye anakunywa sumu.

Swali la mwalimu ni jepesi: kwa nini mmoja alisikilizwa na mwingine hakusikilizwa? Jibu la kwanza huwa kwamba mfalme wa Kusadikika alikuwa mwema. Mwalimu atauliza ni ukurasa gani unaosema hivyo, maana mfalme huyo huyo ndiye aliyewafunga wajumbe. Jibu la pili litagusa namna ya kusema: Karama ana unyenyekevu wa mtu wa baraza, anawatetea waliofungwa, ilhali Sokrate, alipoulizwa adhabu anayostahili, alipendekeza alishwe kwa gharama ya mji kama mshindi wa michezo. Hapo mwanafunzi wa sheria atataka kujua kama haki itegemee adabu ya mshtakiwa. Mwingine ataligusa lile lililokuwa mezani tangu mwanzo: Yesu mbele ya Pilato hakujibu hata neno moja la mashtaka yale, na liwali akashangaa. Kama kuna ukweli unaotetewa kwa hoja, na ukweli unaotetewa kwa hadithi za watu wengine, je, upo usiotetewa kabisa? Na mchungaji wa kesho, hakimu wa kesho au mwuguzi atakayeona dawa zikiibwa wodini, afuate njia ya nani?

Hakuna desa la swali hilo. Aliyekariri hawezi kusaidiwa na kukariri, na aliyezoea kunyamaza nyuma ya ukumbi hana nyuma ya kukaa, kwa kuwa watu ni 12 na meza ni moja. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Afrika Mashariki amepimwa kwa kurudisha alichopewa, tangu darasa la nne hadi kidato cha sita, na chuo kikuu kikiendelea vivyo hivyo kinampeleka kazini akiwa na cheti na bila sauti. Semina humpa mahali pa kukosea mbele ya wenzake, kusahihishwa kwa ukurasa na si kwa ukali, na kubadili maoni bila kuonekana ameshindwa. Hilo peke yake lingetosha kuihalalisha programu.

Orodha ya vitabu isinakiliwe kutoka Amerika. Sehemu nzuri ya kile kinachoitwa huko urithi wa Magharibi ilizaliwa katika bara hili. Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, mji ulio Algeria ya leo, na alikufa mwaka 430 akiwa askofu wa Hippo, Algeria hiyo hiyo. Athanasio na Origeni walikuwa watu wa Aleksandria. Mwanafunzi wa Dodoma anaposoma Maungamo ya Augustino hasomi kitabu cha wageni, na mwalimu amwambie hivyo siku ya kwanza. Pembeni ya hao wawekwe waandishi wa pwani. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, inayotazama magofu ya Pate na kuihoji nafsi iliyopenda dunia, inaweza kusomwa sambamba na kitabu cha Mhubiri kwa muhula mzima. Muyaka bin Haji wa Mombasa anafundisha siasa, mapenzi na kejeli kwa beti chache. Kwamba washairi hawa ni Waislamu si sababu ya kuwaacha nje ya chuo cha Kikristo. Mashairi ya Muyaka yaliokolewa kwa sehemu kubwa na kazi ya W. E. Taylor, mmisionari wa Kianglikana, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyeyajua na kuyaeleza. Mmisionari wa karne ya 19 aliona thamani yake. Seneti ya leo haina udhuru.

Jambo hili linavuta la lugha. Kufundisha kwa Kiingereza ni kanuni ya vyuo hivi, na programu ya heshima haitaibadili. Hata hivyo semina huishi kwa maneno yanayotoka haraka, na vijana wengi wenye fikra kali hunyamaza kwa Kiingereza, si kwa kukosa la kusema bali kwa kuogopa kuchekwa. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba katika kila mwaka wa programu semina moja iendeshwe kwa Kiswahili, insha zake ziandikwe kwa Kiswahili, na mtihani wake wa mdomo uwe wa Kiswahili. Vitabu vipo. Mbali na Shaaban Robert na washairi, Julius Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, na Samuel Mushi alimtafsiri Sofokle kwa jina la Mfalme Edipode. Kwa vyuo vya Uganda, ambako Kiswahili bado kinajenga nafasi yake, semina kama hiyo inaweza kuwa mwanzo mzuri kuliko kozi ya sarufi.

Wapo watakaohofia imani ya vijana. Mwanafunzi anayepewa Nietzsche, Marx na Darwin akiwa na miaka 21 anaweza kuyumba, na mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome chuo cha kanisa ana haki ya kuuliza. Hofu hii isipuuzwe, lakini ielekezwe mahali pake. Waandishi hao wako kwenye simu ya kila mwanafunzi, vipande vipande, bila mtu wa kukaa naye. Katika semina husomwa wakiwa wazima, pamoja na mwalimu anayesali, aliyewahi kuyapitia maswali hayo na ambaye haogopi kusema kwamba hoja fulani ina nguvu. Augustino mwenyewe alikaa kwa Wamani, wafuasi wa dini ya Mani, miaka ipatayo tisa kabla ya kubatizwa Milano mwaka 387, na asingeandika alichoandika kama angelindwa na kila swali. Sharti la hapa linahusu walimu: programu isikabidhiwe kwa mhadhiri mwenye haraka ya kufunga mjadala kwa aya ya Biblia, wala kwa mwenye raha ya kuwavunja vijana. Wa katikati wapo, na kila chuo kinawajua kwa majina.

Pingamizi zito zaidi ni la matabaka. Chuo cha Kikristo hukiri kwamba watu wote ni sawa mbele ya Mungu, na Waraka wa Yakobo unakataza kumpa kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu na kumsimamisha maskini pembeni. Historia ya kanda hii nayo ina onyo lake. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakiona kwamba wasomi wanadaiwa kupita kiasi. Nyerere aliwafukuza wakarudi makwao, akajipunguzia mshahara kwa asilimia 20, na Machi 1967 akatoa Elimu ya Kujitegemea, waraka unaolaumu elimu inayomfundisha kijana kujiona amepanda juu ya watu wake. Programu inayowachagua wachache na kuwaita wa heshima inaweza kuuzaa upya ugonjwa ule ule, tena kwa baraka za kanisa. Kuna pia hasara nyingine isiyosemwa sana: wanafunzi wachangamfu wakihamishiwa semina zao, darasa la kawaida hubaki na ukimya, na mhadhiri bora akichukuliwa na 12, mamia hupata msaidizi.

Dawa yake haiwezi kuwa hotuba ya unyenyekevu siku ya ufunguzi. Lazima iwe ndani ya ratiba. Wanafunzi wa heshima wabaki madarasani kwa masomo yao ya fani na walale mabweni ya wote. Kila mmoja aongoze kikundi cha kujisomea mara moja kwa wiki kwa wenzake wa mwaka wa kwanza na waliopata sapu, na kazi hiyo ihesabiwe kama sharti la kubaki kwenye programu, si hisani. Mhadhiri wa semina aendelee kufundisha walau kozi moja kubwa ya ukumbini. Valparaiso wana desturi inayosaidia: wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Christ College hutunga na kuigiza jukwaani tamthilia yao ya muziki mbele ya chuo, na mwenye alama za juu hujikuta akipokea maelekezo ya kuimba kutoka kwa aliyemzidi. Mahali penye kwaya nyingi kama vyuo vya huku, jambo hilo halihitaji fedha za mfadhili.

Uchaguzi wa wanafunzi ndio utakaoamua kama programu ni ya haki. Ikichagua kwa matokeo ya kidato cha sita au ya KCSE, itachagua shule na si vijana. Aliyetoka seminari yenye maktaba atamshinda aliyetoka shule ya kata isiyo na mwalimu wa fizikia, na programu itakuwa imepaka rangi ya heshima juu ya bahati ya kuzaliwa. Ni bora kusubiri mwisho wa mwaka wa kwanza, wote wakiwa wamekula chakula kimoja na kusikia mihadhara ile ile. Wastani wa 3.5, unaofungua daraja la pili la juu kwa mfumo wa Tanzania, unatosha kuwa kizingiti. Juu yake iwekwe insha inayoandikwa chumbani, simu zikiwa zimekusanywa, kuhusu maandishi ya kurasa mbili ambayo hakuna aliyewahi kuyaona, kisha mazungumzo ya dakika 20 na walimu wawili. Wanaotafutwa ni wale wanaorudi kwenye maandishi kabla ya kujibu. Ada ya ziada isiwepo hata shilingi. Mwanafunzi anayesubiri bumu la mkopo ndipo ale hatajiunga na kitu kinacholipiwa, hata kama ndiye aliyestahili kuliko wote.

Gharama inaweza kuhesabiwa mapema. Chuo kikichukua wanafunzi 36 kila mwaka kwa miaka miwili ya mwisho ya shahada ya miaka mitatu, kitakuwa na wanafunzi 72 kwa wakati mmoja, vikundi sita vya watu 12. Kila kikundi kikikutana saa tatu kwa wiki, ni saa 18 za kufundisha, yaani mzigo wa wahadhiri wawili wenye saa tisa kila mmoja, pamoja na muda wa insha. Majengo mapya hayahitajiki. Vitabu vinahitajika, nakala moja kwa kila mkono, maana semina haiwezi kwenda kwa nakala moja ya akiba iliyofungiwa maktaba. Tafsiri nyingi za zamani za Kiingereza za vitabu vya kale ziko huru kuchapwa na mtu yeyote, na mtambo wa chuo unaweza kuzitoa. Fedha za washirika wa ng'ambo zisiwe nguzo pekee. Mishahara ya wahadhiri hao wawili iwe kwenye bajeti ya chuo tangu mwaka wa kwanza, la sivyo programu itaondoka na mfadhili.

Ugumu wa kimuundo ni mkubwa kuliko wa fedha. Marekani shahada ya kwanza ni ya miaka minne na sehemu kubwa yake ni masomo ya jumla, ndiyo maana Biola iliweza kuyabadilisha kuwa semina. Shahada za Tanzania na Uganda, nyingi zikiwa za miaka mitatu, zimejaa masomo ya fani, na nafasi iliyobaki ni ya kozi za pamoja kama stadi za maendeleo, stadi za mawasiliano, maadili na dini. Hizo ndizo za kubadilishwa, si kuongezewa juu yake. Semina ikiwa mzigo wa nyongeza, wanafunzi wa uuguzi na uhandisi wataiacha ndani ya wiki sita. Uganda Christian University ya Mukono imeonyesha kwamba mlango upo. Chuo hicho, kilichoundwa mwaka 1997 kutokana na chuo cha theolojia cha Askofu Tucker na kuwa cha kwanza kati ya vyuo vikuu binafsi vya Uganda kupata hati ya serikali mwaka 2004, kina kozi za msingi za Agano la Kale, Agano Jipya na maadili kwa wanafunzi wa fani zote, na kilianzisha pia kitengo cha heshima kwa wenye ufaulu wa juu. Vyuo jirani vingefaidika kuomba uzoefu huo kabla ya kutuma ujumbe Texas.

Kazi ya mwisho ya mwanafunzi iwe tasnifu anayoitetea kwa mdomo, kama wanavyofanya wanafunzi wa programu ya heshima ya Baylor. Mada zisitafutwe mbali. Vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia, barua za misheni, kumbukumbu za hospitali za makanisa na daftari za vyama vya akina mama vimelala kabatini kuanzia Moshi hadi Maseno, na panya hawangoji ufadhili wa utafiti. Mwanafunzi wa takwimu, wa historia na wa afya ya jamii wote wana kazi humo. Watahini watoke nje ya chuo na, ikiwezekana, nje ya dhehebu: Mlutheri wa Makumira akaulizwe na Mkatoliki wa SAUT, Mwanglikana wa St John's Dodoma na Msabato wa Arusha. Nauli ya basi na malazi ya siku mbili ndiyo gharama yote. Kwenye nakala ya matokeo yaandikwe majina ya semina, kichwa cha tasnifu na majina ya watahini, bila nyota wala cheo. Ubadilishaji wa kozi upelekwe mapema kwa mamlaka za elimu ya juu za Tanzania, Kenya au Uganda (TCU, CUE au NCHE), kwa sababu kozi isiyotambuliwa humwumiza mwanafunzi na si seneti.

Seneti ikikubali, ipange tathmini baada ya kundi la pili kuhitimu, na ihoji pia wanafunzi ambao hawakuchaguliwa: kama vikundi vya kujisomea vimewafaa, na kama wahadhiri wao wamepungua. Chuo ambacho hakiwezi kuwaachia kazi hiyo wahadhiri wawili kisitangaze programu mwaka huu. Kianze na semina moja ya Kiswahili, ya wanafunzi 12 na kitabu kimoja kimoja, jioni mbili kwa mwezi, bila jina lolote na bila cheti.